Walimu Wakuu wa Wandegeya: Ada ya Uongozi Hulipwa na Nani?

Shule zikifungwa Uganda, Wandegeya hujaa walimu. Mwezi wa Mei, Agosti na Desemba, mitaa hii ya Kampala iliyo chini ya kilima cha Chuo Kikuu cha Makerere hupokea watu wazima wenye mikoba na kompyuta za mkononi, waliotoka Masaka, Mbale, Lira na Mbarara: naibu walimu wakuu, walimu wa taaluma, wakaguzi wa shule, maofisa elimu wa wilaya. Mtu ambaye juzi alikuwa amesimama langoni akiwasubiri wachelewaji, leo ananunua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, aile njiani ili asichelewe yeye. Anasomea shahada ya uzamili katika uongozi na usimamizi wa elimu, na likizo ya wanafunzi wake ndiyo muhula wake.

Safari yake huishia kwenye duka la steshenari, tasnifu inapotiwa jalada gumu na kupigwa herufi za dhahabu. Ukiifungua nakala moja unakuwa umezisoma nyingi. Mada ni mtindo wa uongozi wa mwalimu mkuu na utendaji wa walimu katika shule za sekondari za wilaya fulani. Sura ya tatu ina jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970: ukiwa na walimu 100 wahoji 80, wakiwa 200 wahoji 132, wakifika 500 wanatosha 217. Kisha kipimo cha Cronbach kisichopungua 0.70, kuonyesha kuwa hojaji inaaminika. Katika marejeo hukosi Amin wa Makerere, Mugenda na Mugenda wa Nairobi, na Okumbe, ambaye kitabu chake cha usimamizi wa elimu kilitolewa na Nairobi University Press mwaka 1998.

Ufanano huo una historia, na historia yenyewe hufuata mfuko. Kila mara mlipaji alipobadilika, maana ya kuongoza shule nayo ilibadilika.

Enzi za misheni

Namilyango ilifunguliwa mwaka 1902, Gayaza 1905, Budo 1906. Zilikuwa shule za misheni, na mkuu wa shule alikuwa mmisionari. Kanisa ndilo lililomlea, likamtuma na kumlisha. Kuongoza shule kulihesabiwa kuwa sehemu ya wito na tabia njema, si somo la kufanyiwa mtihani.

Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi chenye vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye ualimu ukaongezwa, na kilima kikawa kiwanda cha walimu wa Afrika Mashariki nzima. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akatoka na stashahada ya ualimu, akaenda kufundisha St. Mary's ya Tabora. Shule hiyo ilikuwa ya mapadri wa White Fathers, na uongozi ulikuwa mikononi mwao. Huo ndio uliokuwa mgawanyo wa kazi: Mwafrika alisomeshwa kushika chaki, ofisi ya mkuu ikabaki na mwenye shule.

Uhuru na uhaba

Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, mgawanyo huo haukuweza kuendelea. Serikali ilichukua usimamizi wa shule za misheni zilizokuwa zikipokea ruzuku yake, na tume iliyoongozwa na Profesa Edgar Castle, iliyotoa ripoti mwaka 1963, ikasisitiza kupanua elimu. Shule zikaongezeka kuliko watu wa kuzifundisha, seuze wa kuziongoza.

Pengo la walimu lilizibwa kwa msaada wa nje. Kuanzia mwaka 1961, mpango uliosimamiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, uliwaleta vijana wa Kimarekani waliopitia Makerere kabla ya kutawanywa katika shule za sekondari za Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Columbia ilikuwa miongoni mwa ngome za fani ambayo Marekani ilikuwa ikiifundisha vyuoni tangu mwanzo wa karne ya 20: kuendesha shule kwa bajeti, mipango na kumbukumbu, kama kazi yenye elimu yake. Afrika Mashariki ilianza na walimu. Wakuu wa shule walisubiri.

Mtu aliyekuja kuunganisha elimu ya Marekani na Makerere ni William Senteza Kajubi. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupata ufadhili wa Fulbright, akasoma Chuo Kikuu cha Chicago miaka ya 1950, kisha akaongoza Taasisi ya Taifa ya Elimu hapo Makerere. Wakati huo mwanafunzi wa Makerere alilipiwa na serikali: masomo, chakula na malazi. Mwalimu aliyeitwa kusoma zaidi aliitwa na wizara, akarudi kuitumikia wizara. Vitabu vya wenyeji navyo vilianza kupatikana. David Mbiti wa Kenya alichapisha misingi ya uongozi wa shule mwaka 1974, na J. C. S. Musaazi, Mganda aliyekuja kuwa profesa Makerere, akatoa chake kuhusu nadharia na utendaji wa uongozi wa elimu mwaka 1982 kupitia Macmillan.

Wazazi washika usukani

Lakini katika miaka hiyo palipita utawala wa Idi Amin. Mwaka 1972 Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Wahadhiri walikimbia, wageni wakaondoka, na mshahara wa mwalimu ukaliwa na mfumuko wa bei. Shule nyingi zilinusurika kwa michango ya wazazi kupitia kamati zao, ambazo ziliongezea walimu posho na kununua chaki.

Hapo mwalimu mkuu alipata shule ya aina yake. Alijifunza kuitisha mkutano, kubembeleza wachangiaji, kununua unga wa magendo na kunyamaza inapobidi. Hakuna chuo kilichomtunuku cheti kwa hayo, ila waliofundishwa chini ya wakuu wa aina hiyo ndio waliokuja kujaza madarasa ya uzamili baadaye.

Kajubi na mlango wa 1997

Mwaka 1987 serikali ya Yoweri Museveni ilimpa Kajubi kazi ya kuongoza tume ya kupitia sera ya elimu. Ripoti ilitoka mwaka 1989, Waraka Mweupe wa serikali ukafuata mwaka 1992, na mwaka 1997 elimu ya msingi bila ada ikaanza. Katika mwaka huo mmoja wanafunzi wa msingi walipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Shule ile ile, vyumba vile vile, mwalimu mkuu yule yule.

Fedha nazo zilikuja kwa utaratibu mpya. Ruzuku ilihesabiwa kwa kila mtoto, na mwalimu mkuu akawa mtu wa kutoa hesabu. Serikali ilihofia fedha kupotea njiani, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Utafiti uliofanywa mwaka 1996 katika shule za msingi zipatazo 250 ulionyesha kuwa kati ya 1991 na 1995 shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotolewa na serikali kuu kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Iliyobaki iliishia njiani, hasa wilayani. Baada ya hapo viwango vilitangazwa magazetini, na shule zikatakiwa kubandika ukutani fedha zilizopokelewa. Kufikia mwaka 2001 fungu lililofika shuleni lilikuwa limepita asilimia 80.

Soko lapanda kilima

Shule za msingi zilipofuta ada, Makerere ilikuwa tayari imeanza kuitoza. Mwaka 1991 ilianzisha shahada ya ualimu kwa njia ya masafa, ambayo wanafunzi wake ni walimu kazini wanaokuja kilimani likizo. Kuanzia mwaka 1992 milango ikafunguliwa kwa wanaojilipia, na kabla ya muongo kuisha wao ndio waliokuwa wengi. Msomi Mahmood Mamdani aliyachambua mageuzi hayo kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu wasomi sokoni. Wandegeya ilijibu haraka: hosteli, mashine za fotokopi, wachapaji na wafunga vitabu.

Mabadiliko makubwa kwa uongozi wa elimu ni kwamba mlipaji sasa alikuwa mwalimu mwenyewe. Majirani walikuwa wameanza kwingine. Tanzania ilifungua chuo cha MANTEP Bagamoyo mwishoni mwa miaka ya 1970, ambacho leo ni ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Kenya ilianzisha taasisi ya KESI mwaka 1981, sasa KEMI. Huko serikali iliweka chuo maalumu cha kuwanoa wakuu wa shule. Uganda iliwapa wakuu wa shule za msingi mafunzo ya kazini kupitia vyuo vya ualimu katika miaka ya 1990, lakini shahada ya uzamili iliachiwa chuo kikuu na mkopo wa chama cha akiba.

Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 imeongeza shinikizo, kwa kuwa inataka kila mwalimu, hata wa awali, awe na shahada. Hakuna mkuu anayependa kuongoza watu waliomzidi vyeti.

Kujilipia huko kunaeleza zile tasnifu zinazofanana. Anayejilipia ada huku akisomesha watoto hutafuta mada inayopita haraka, yenye hojaji iliyokwisha kupimwa na wengine. Huwezi kumlaumu. Lakini swali lililowafaa sana walimu wakuu wa Uganda, la fedha zetu zimekwenda wapi, halikutoka kwenye tasnifu ya mwalimu aliyejilipia ada. Liliulizwa na watafiti wa Benki ya Dunia na serikali, waliokuwa na uwezo wa kufika shule 250 na kufunua daftari za hesabu. Wilaya zinazotaka wakuu wenye kuuliza maswali ya namna hiyo kuhusu utoro, mimba za wanafunzi au chakula cha mchana zingeanza kwa kuwalipia nusu ya ada, na kwa fedha hizo zikapata haki ya kupendekeza mada.