Mwaka wa Kukaa Benchi: Mwanafunzi Anapohama, Nani Analipa?

Wandugu wasomi, leo nawaletea historia ya kanuni moja ya mbali, lakini niruhusuni nianzie hapa kwetu.

Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, mtoto wa baba yangu mdogo alikuwa anasoma kule. Barabara ya Rutshuru na Kanyabayonga ilikuwa haipitiki. Akavuka Rwanda, akazunguka Uganda, akaingia kwa Kasindi, akalala Beni siku mbili, halafu akafika kwetu Butembo na begi moja. Ndani ya begi: nguo chache, simu iliyopasuka kioo, na viatu vya baskete.

Juma lile lile alikuwa ameisha kucheza. Vijana wa kitivo kimoja walimuona kiwanjani, wakamuuliza urefu wake, wakampa jezi. Hakuna aliyemuomba karatasi. Ni wapinzani tu waliopiga kelele toka pembeni: « Mercenaire! Mercenaire! » Mnajua ile kelele. Kwetu mchezaji wa kuazimwa anaitwa hivyo, Watanzania wanasema mamluki.

Darasani ikawa kinyume. Chuo kimoja kilimuomba releve ya miaka miwili, ya asili, yenye muhuri wa ofisi iliyobaki Goma, na ile ofisi ilikuwa imefungwa. Mwisho wakamwambia aanze tena mwaka wa kwanza. Kiwanjani milango wazi, darasani mlango umefungwa.

Nilipokuwa namtafutia njia, nikaanza kusoma namna nchi zingine zinavyomtendea mwanafunzi mchezaji anayehama. Nikakuta kwamba Marekani, kwa miaka zaidi ya mia, mambo yalikuwa yamegeuzwa: darasani karibu, kiwanjani subiri. Unahamia chuo kipya, unaandikishwa, unasoma, unafanya mazoezi na wenzako, lakini siku ya mechi unakaa benchi umevaa nguo za kawaida. Mwaka mzima.

Ile kanuni ilitoka wapi? Ilitoka kwa mercenaires, wandugu.

Mwaka 1896 kulikuwa na kijana Fielding Yost, mwanafunzi wa sheria huko West Virginia, mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Timu yake ilikuwa imetoka kucheza na chuo cha Lafayette, Lafayette ikawashinda. Siku chache baadaye, Lafayette inaingia kiwanjani kupambana na Pennsylvania, timu iliyokuwa imeshinda mechi 36 mfululizo. Na nani yuko ndani ya jezi ya Lafayette? Yost! Lafayette ikashinda 6 kwa 4. Mchezo ukaisha, muda si mrefu bwana akarudi zake West Virginia kumaliza sheria. Kumbe « kuhama » kwake kulikuwa kwa ajili ya mechi.

Hakuwa peke yake. Zama zile kulikuwa na vijana waliotembea chuo kwa chuo kama wachuuzi wa soko, leo hapa, kesho kule. Viongozi wa vyuo wakaona aibu. Januari 1895 wakuu wa vyuo saba vya Magharibi ya Kati walikuwa wameisha kukutana kwenye hoteli moja ya Chicago na kukubaliana kwamba anayecheza lazima awe mwanafunzi kweli kweli, tena asiyechelewa masomo. Mwaka 1906 muungano wao, ambao leo unaitwa Big Ten, ukakaza kamba: kabla ya kucheza, uwe umekaa chuoni mwaka mzima, na jumla ya miaka ya kucheza isizidi mitatu. Mwaka huo huo kikazaliwa chama cha kitaifa ambacho leo ni NCAA. Kulikuwa pia na sababu nyingine, vifo vya vijana kiwanjani, mpaka rais Theodore Roosevelt akaingilia kati. Lakini swali la nani ni mwanafunzi wa kweli lilikuwa mezani toka mwanzo.

Na Yost? Wakati huo alikuwa kocha mkubwa huko Michigan. Michigan ilizikataa kanuni za 1906 na ikatoka katika ule muungano, ikarudi 1917 tu. Mtu aliyesaidia kanuni kuzaliwa ndiye iliyemsumbua baadaye. Hapo nilicheka peke yangu.

Basi, mwaka wa kukaa ukaenea. Watetezi wake walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza: kuzuia timu zisinunuane wachezaji. Ya pili: mwanafunzi aliyehama anahitaji muda wa kuzoea masomo mapya kabla ya kuchoshwa na safari za mechi. Sababu ya kwanza mimi naielewa. Ya pili ninaiheshimu kwa maneno, lakini ukiangalia vizuri inayumba. Kufika 2020, NCAA ilikuwa imeisha kuruhusu wachezaji wa michezo mingi kuhama mara moja bila kukaa benchi. Michezo iliyobaki imefungwa ni mitano: mpira wa Kimarekani, baskete ya wanaume, baskete ya wanawake, besiboli, na hoki ya barafu ya wanaume. Mbona mwogeleaji hahitaji muda wa kuzoea masomo, lakini wa baskete anauhitaji? Mpira wa Kimarekani na baskete ya wanaume ndiyo michezo inayoleta pesa. Kanuni ilikuwa imebaki palepale pesa ilipo.

Tena kuna hili. Kocha hakukaa benchi hata siku moja. Anasaini mkataba na chuo kingine, juma linalofuata yuko kazini, na wale vijana aliowaita kwa maneno matamu wamebaki nyuma, wamefungwa. Na toka 1973 ile bursi ya mchezaji ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Chuo kingeweza kutoirudisha, lakini kijana akitaka kuondoka analipa kwa mwaka wa maisha yake ya mchezo. Zaidi ya hayo, kabla ya Oktoba 2018 alipaswa kuomba ruhusa ya chuo chake kwanza ili vyuo vingine viweze kuzungumza naye na kumpa bursi. Wako makocha waliokataa tu. Tarehe 15 Oktoba 2018 ruhusa ile ikafutwa, ikawekwa orodha ya kompyuta: unakiambia chuo chako kiandike jina lako, kila chuo kinaona kwamba uko tayari kuhama.

Sasa tuingie kwa mtu wa kwetu. Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999, mji wa Kiswahili kama sisi, ijapokuwa Kiswahili chao na chetu tunachekana. Alienda Marekani akiwa kijana wa sekondari, halafu akaingia chuo cha West Virginia. Ndiyo, kile kile cha Yost! Januari 2021, katikati ya msimu, akaondoka kwenda Kentucky.

Angalieni hesabu. Kwa kanuni ya zamani alipaswa kumaliza mihula miwili kamili, ule wa Januari na ule unaoishia Desemba. Msimu wa baskete unaanza Novemba. Angeuanza akiwa ameketi. Lakini Aprili 2021 NCAA ikabadilisha: kila mchezaji, wa mchezo wowote, anaweza kuhama mara moja bila kukaa benchi. Novemba Tshiebwe yuko uwanjani toka mechi ya kwanza. Msimu ule alikamata wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi moja, akapewa tuzo za Naismith na Wooden, yaani mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Mtoto wa Lubumbashi! (Mashindano ya mwisho hayakumwendea vizuri. Machi 2022 Kentucky ilitolewa na Saint Peter's, chuo kidogo ambacho hakuna aliyekitazamia, ingawa yeye alifunga pointi 30 na ribaundi 16. Baskete haina huruma.)

Mlango mmoja ulifunguka, mwingine ukabaki na kufuli. Toka tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura yao: matangazo, saini, fulana. Wenzake wakaanza kuingiza dola. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza ile haikuruhusu kazi za namna hiyo akiwa ndani ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima, na mambo ya matangazo anayaangalia kwa dirisha. Ilibidi Agosti 2022, timu ilipoenda Bahamas kucheza, afanyie huko zile kazi za matangazo, kwa sababu ilikuwa nje ya ardhi ya Marekani. Ninyi mliowahi kutafuta muhuri mnaelewa ile akili ya kutafuta njia pembeni bila kuvunja sheria.

Wengine waliona afadhali kukiruka chuo chenyewe. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma mwaka 2002, alipita shule kadhaa za sekondari huko Marekani, halafu hakugusa chuo kikuu kabisa. Aliingia timu ya G League Ignite, ambayo NBA iliiweka kwa vijana waliotaka kulipwa mara moja, na mwaka 2021 Golden State wakamchagua nambari 7. Simlaumu. Kwa nini ungoje kanuni za watu kama una njia yako?

Kanuni yenyewe ilikufa wapi? Tena West Virginia. RaeQuan Battle alikuwa amechezea Washington, akahamia Montana State, na 2023 akafika West Virginia. Kwa kuwa ilikuwa mara ya pili kuhama, NCAA ikamwambia akae mwaka. Akaomba msamaha wa kanuni, akakataliwa. Desemba 2023 majimbo saba yakaishtaki NCAA, yakisema kanuni ile ni ya kuzuia ushindani, sawa na wafanyabiashara wanaokubaliana kutochukuliana wafanyakazi. Tarehe 13 Desemba jaji John Preston Bailey, katika tribinali ya West Virginia hiyo hiyo, akaisimamisha kanuni. Battle akacheza. Januari 2024 serikali ya Marekani yenyewe ikajiunga na kesi, na Aprili 2024 NCAA ikasalimu amri: hama mara unazotaka, mradi masomo yako yawe sawa.

Hapa kwenye « masomo yawe sawa » ndipo niliposoma polepole, maana ndipo palinikumbusha yule mdogo wangu. Kanuni inasema mchezaji anapofika mwisho wa mwaka wa pili awe na asilimia 40 ya diploma yake, mwaka wa tatu 60, mwaka wa nne 80. Na chuo kipya ndicho kinachoamua ni kozi zipi za zamani kinazozipokea. Kijana aliyehama mara tatu anaweza kuwa na kozi nyingi kwenye karatasi, na chache tu zinazohesabiwa. Benchi ya kiwanjani imeondolewa, ya darasani ingali hapo.

Najua wengine mtaniambia: kule ni biashara ya mamilioni, sisi tunacheza kwenye udongo. Kweli. Lakini toka mauaji ya Beni ya 2014 wanafunzi wetu wanahama, Oicha hadi Beni, Beni hadi Butembo, na sasa Goma na Lubero hadi hapa. Tshiebwe alihama kwa sababu alitafuta timu nzuri. Wa kwetu wanahama kwa sababu ya risasi. Tunamlipisha mwaka, hata miwili, minervali juu, na hakuna jaji wa kumkimbilia. Mfumo wa LMD ulipoletwa tuliambiwa kwamba kredi zinatembea na mwanafunzi. Zinatembea kama kuna mtu wa kupiga muhuri.

Yule mdogo wangu alikubali kuanza upya mwaka wa kwanza. Ana picha za simu za zile kote zake za Goma, anaonekana pale kioo kilipopasuka, na kila mwezi anarudi kwenye ile ofisi kuuliza kama wanaweza kuzitazama hata kozi tatu. Jumamosi iliyopita alifunga pointi 22. Safari hii wapinzani hawakupiga kelele, wameisha kumzoea.