Utuishi, Si Ubinadamu

Mtu wa Mgori, mkoani Singida, akisikia "ubinadamu" atafikiria huruma, au udhaifu wa mja aliyekosea na kustahili kusamehewa. Hatafikiria falsafa. Hata hivyo baadhi ya wafasiri na wanakamati wa istilahi wanashikilia kuwa neno hilohilo litumike kuiita falsafa ya maisha isiyoegemea dini (humanism kwa Kiingereza), ile ambayo wafuasi wake walitoa tamko la pamoja Amsterdam mwaka 1952. Chaguo hilo ni bovu, na limevumiliwa muda mrefu mno.

Ubovu wenyewe umo katika asili ya neno. Binadamu ni Kiarabu: mwana wa Adamu. Adamu naye, kwa Kiebrania, huhusishwa na adama, yaani udongo. Wanaisimu vilevile huhusisha homo ya Kilatini, ndugu wa humanus, na humus, udongo tena. Watetezi wa "ubinadamu" hushangilia mfanano huo kana kwamba umemaliza shauri. Haujamaliza. Mjerumani Friedrich Niethammer alipolitumia neno Humanismus mwaka 1808, alikuwa akitetea masomo ya Kigiriki na Kilatini shuleni. Maana ya kuishi bila kutegemea dini ilikuja baadaye. Anayemtwika Adamu falsafa hii anaipachika simulizi ya uumbaji ambayo yenyewe haikuiomba.

Wapo waliokimbilia "ukanamungu". Hao wamepotea zaidi, kwa kuwa kuitambulisha falsafa kwa kile isichokiamini ni sawa na kumtambulisha mtu kwa nguo asiyoivaa.

Mwandishi wa makala haya anatetea utuishi. Shina lake, -tu, ni la Kibantu. Nacho Kinyaturu cha Mgori ni Kibantu kama Kiswahili. Shina hilo linaungana na kitenzi ishi, kwa sababu kinachosemwa hapa ni namna ya kuishi. Njia ilikwisha kufunguliwa na "udhanaishi", neno ambalo wahakiki wa Euphrase Kezilahabi wamelizoea wanapoijadili riwaya yake Kichwamaji ya mwaka 1974. Shaaban Robert naye alimwita mhusika wake mkulima Utubora, na hakuna msomaji aliyelalamika kwamba majina hayaungwi hivyo.

Mpinzani mmoja amedai kwamba "utu" peke yake unatosha. Hautoshi. Utu ni sifa, utuishi ni msimamo. Muislamu na Mkristo wana utu tele bila kuwa watuishi. Kenneth Kaunda aliifanya falsafa ya utu kuwa dira ya Zambia mwaka 1967, lakini yeye alikuwa Mkristo na Mungu alikuwamo katika fikra zake. Mambo mawili tofauti yanahitaji majina mawili.

Mfano wa karibu wa kupima jema na baya bila kuuliza dini ni msitu wa Mgori wenyewe, takriban hekta 44,000 za miombo. Katikati ya miaka ya 1990 serikali iliachana na mpango wa kuutwaa kuwa hifadhi yake, na vijiji vitano vikakabidhiwa ulinzi. Vikatunga sheria ndogo, vikaweka walinzi wao. Sheria za namna hiyo hazimuulizi mtu anasali wapi; zinauliza amekata mti gani na jirani ameumia vipi. Wanakijiji hao si watuishi, maana wengi wana dini zao. Lakini kupima jema na baya kwa hoja na kwa madhara yanayompata mtu ndiko mtuishi anakokupanua hadi kuyagusa maisha yake yote.

Pendekezo hili lilifikishwa kwa kamati moja ya istilahi. Halikujibiwa, na orodha iliyofuata ikatoka na "ubinadamu" palepale. Ukimya si hoja, wala mwandishi hatauheshimu kama hoja.

Matumizi ni mepesi: utuishi, mtuishi, watuishi, mtazamo wa kituishi. Wahariri na walimu waanze kuyaandika sasa; aliye na neno bora zaidi alilete hadharani pamoja na sababu zake.