Tuliomba Han Arudi, Akarudi. Sasa Brian Je?

Wadau, kuna swali moja linazunguka kwa mashabiki wa Fast & Furious tangu Juni 2025 na mpaka leo halijapoa. Vin Diesel alipanda jukwaani kwenye FuelFest, tamasha la magari kule California, akasema studio inaitaka muvi ya mwisho na yeye ametoa masharti matatu. Moja, story irudi Los Angeles. Mbili, irudi kwenye mbio za mitaani. Tatu, Dom akutane tena na Brian O'Conner.

Mawili ya kwanza hayana tatizo, tumechoka na magari yanayoruka kwenye ndege, na kwenye F9 walifika mpaka angani kabisa. Lile la tatu ndo lilipigiwa kelele. Paul Walker, aliyekuwa Brian, alifariki tarehe 30 Novemba 2013.

Sasa inakuwaje mtu anasimama mbele ya umati anaahidi kukutana na marehemu, na watu wanashangilia? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo. Huu mfululizo una tabia ya muda mrefu ya kufufua watu, na sisi mashabiki ndo tuliowazoesha.

Muvi ya kwanza ilitoka Juni 2001. Ilitokana na makala ya jarida la Vibe ya mwaka 1998 kuhusu vijana wa New York waliokuwa wanashindana na magari usiku. Ilitengenezwa kwa dola milioni 38 hivi na ikaingiza zaidi ya milioni 200. Ukiiangalia leo utacheka, maana hawa watu ambao siku hizi wanaokoa dunia walianza kama wezi wa deki za DVD. Serious kabisa, FBI nzima inahangaika na deki. Mwaka 2003 ikaja ya pili, Diesel hayupo. Mwaka 2006 ikaja ya tatu, Tokyo Drift, na humo hayupo Diesel (ukiacha dakika chache za mwisho) wala Walker.

Tokyo Drift ndo ilitaka kuwamaliza. Iliingiza kama dola milioni 158 dunia nzima wakati kuitengeneza tu kuligharimu kama milioni 85. Ndo maana Diesel alivyokubali kutokea pale mwisho hakuchukua pesa, alichukua haki za mhusika wake mwingine, Riddick. Unaweza kusema hata yeye hakuwa anaamini sana kwamba hii kitu ina kesho.

Ila mle ndani kulikuwa na mtu. Han. Sung Kang ndo aliyemcheza, jamaa mpole, muda wote anatafuna vitu, anaongea kama hana haraka na maisha. Muongozaji Justin Lin alishafanya naye kazi kwenye muvi nyingine ndogo, Better Luck Tomorrow ya 2002, na humo pia Kang alikuwa anaitwa Han. Kwenye Tokyo Drift Han anafia Shibuya, Mazda RX-7 yake ya rangi ya chungwa na nyeusi inapinduka na kulipuka. Hadithi imeisha hapo, si ndiyo?

Haikuisha, watu walimpenda kupita maelezo. Na Lin alipopewa kuongoza ya nne, ile ya 2009, akafanya kitu ambacho mpaka leo kinachanganya watu: akairudisha hadithi nyuma, ikawa inatokea kabla ya Tokyo. Han yupo hai, wala hakuna maelezo. Akawepo kwenye Fast Five ya 2011 kule Rio, akawepo kwenye ya sita mwaka 2013. Muvi tatu zimetengenezwa baada ya ile ya Tokyo lakini zinatokea kabla yake, na ukipiga hesabu zako vizuri utaona sababu kubwa ni kwamba hawakutaka kumuacha Han.

Huku kwetu hilo lilikuwa balaa. Wengi tulizijua hizi muvi kwenye vibanda umiza, au kwa zile CD moja inabeba muvi kumi zimepangwa hovyo hovyo, ya tano inatangulia ya pili. Mnaangalia Rio, mmoja anauliza, "Huyu si alikufa?" Mwingine anabisha kwamba ni pacha wake. Ubishi unaenda mpaka muvi inaisha na hakuna aliyeelewa hela zimeibiwaje. Mpangilio sahihi, kwa wanaotaka kuanza leo, ni ya 1, 2, 4, 5, 6, halafu ndo unarudi kwenye ya 3, kisha ya 7 unasonga mbele.

Mwisho wa ya sita, baada ya majina kupita, tukaonyeshwa kwamba ile ajali ya Shibuya haikuwa ajali. Deckard Shaw, yaani Jason Statham, ndo alimgonga Han makusudi. Sinema nzima ya saba ni Dom anamsaka Shaw kwa sababu hiyo. Vizuri, kisasi kinaeleweka.

Halafu 2017, ya nane, muongozaji sasa ni F. Gary Gray. Shaw anamuokoa mtoto wa Dom kwenye ndege. Sawa, ni jambo kubwa. Ila mwisho wa muvi Shaw anakaribishwa kwenye meza ya familia. Meza ileile! Huyu kamuua Han na sasa anapakuliwa chakula, na hakuna hata mmoja pale anayemtaja marehemu. Hakuna aliyesema hata "Mungu amrehemu".

Mashabiki walichachamaa. Hashtag ya #JusticeForHan ikasambaa, na mtu asiyejua angedhani ni kesi ya kweli iko mahakamani. Mimi naona walikuwa sahihi kabisa. Hizi muvi zimehubiri neno familia kuliko mchungaji, halafu wenyewe wanamla njama ndugu yao aliyekufa? Hapakuwa na mtu aliyekuwa anaomba miujiza mwanzoni, ukisoma vizuri neno lenyewe lilikuwa "haki". Walitaka mtu aseme kwamba kile kifo kilikuwa na maana.

Studio ikajibu kivyake. Lin alikuwa ameziacha ya saba na ya nane, akarudi kuongoza ya tisa. Treila ilitoka 31 Januari 2020, na pale karibu na mwisho, Han anaingia anatafuna. Corona ikaisogeza muvi mpaka 2021, hivyo tukakaa na hiyo sura zaidi ya mwaka mzima tukijiuliza alinusurikaje. Tulipopata jibu lilikuwa jepesi kama karatasi: kifo kilipangwa kwa msaada wa Mr. Nobody, basi. Nilifurahi kumuona, sitadanganya. Lakini tuliomba haki tukapewa mtu. Ni vitu viwili tofauti.

Na hakuwa wa kwanza. Letty aliuawa kwenye ya nne, akarudi kwenye ya sita akiwa amepoteza kumbukumbu. Gisele ndo ananiuma zaidi. Kwenye ya sita aliuachia mkono wa Han ili ampige risasi mtu aliyetaka kumuua mpenzi wake, akaanguka gizani kwenye ule uwanja wa ndege usioisha. Ilikuwa moja ya scene bora za mfululizo mzima. Mwisho wa Fast X, Mei 2023, huyo hapo, Gisele anatokea kwenye nyambizi kule Antaktika. Ukumbi wa sinema unapiga makofi, na mimi najiuliza sasa ule mkono aliuachia wa nini. Kwenye hiyohiyo Fast X, Jakob, mdogo wake Dom, anajitoa mhanga, na nilivyomwangalia anakufa sikusikia chochote, niliwaza tu atarudi kwenye ya ngapi.

Kwa hiyo pale FuelFest watu waliposikia jina la Brian, ule mdomo wa kushangilia ulishazoezwa miaka kumi na zaidi. Letty karudi, Han karudi, Gisele karudi. Zamu ya nani?

Tofauti ni kwamba Sung Kang alikuwa anaenda kazini kwake kama kawaida. Gal Gadot pia, Michelle Rodriguez pia. Walker alikufa kweli. Alikuwa na miaka 40, ametoka kwenye shughuli ya hisani kule Santa Clarita, kuchangia waliopigwa na kimbunga cha Ufilipino, yuko abiria kwenye Porsche ya rafiki yake ambaye naye alifariki palepale. Muvi ya saba ilikuwa katikati ya kurekodiwa. Ilitakiwa kutoka Julai 2014, ikasogezwa mpaka Aprili 2015.

Walichofanya kwenye hiyo miezi ndo kinafanya niheshimu hawa watu mpaka kesho. Wangeweza kumuua Brian kwenye hadithi, wangepata kisasi cha bure. Badala yake wakamstaafisha. Ndugu zake wawili, Caleb na Cody, walisimama nafasi yake mbele ya kamera, na Weta Digital ya New Zealand ikaweka sura ya kaka yao kwa kompyuta. Mwisho Dom yuko kwenye gari lake, Brian anamfikia na ile Supra nyeupe, wanaenda sambamba kidogo, kisha barabara inagawanyika kila mmoja anaenda upande wake. Muvi iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.5, na nawajua wanaume wazima waliotoka pale wakidai wameingiwa na vumbi machoni. Ule ulikuwa msiba wetu. Tulizika, tukafanya na arobaini.

Sasa wanaotaka Brian aonekane wana hoja, tuwe wakweli. Kwenye hadithi Brian yuko hai. Kwenye ya tisa Mia anakuja vitani na mumewe kaachwa na watoto. Kwenye Fast X familia nzima inawindwa na askari mstaafu haonekani, inakuwa aibu ya kiuandishi. Na familia ya Walker haijakaa mbali: Cody ni mmoja wa waanzilishi wa hiyohiyo FuelFest, na Meadow, binti wa Paul, alitokea Fast X kama mhudumu wa ndege. Wakiridhia, mimi wa kuangalia muvi kwa bando la usiku ni nani niwapinge?

Ila kuna kitu hakinikai sawa. Mwaka 2015 kompyuta ilitumika kumalizia kazi ambayo mtu alikuwa ameshaianza kwa mwili wake. Safari hii wangeanzisha. Sura itaongea maneno ambayo mwenyewe hakuwahi kuyasoma, itacheka vichekesho ambavyo hakuchekeshwa. Mpaka sasa wamekuwa na adabu. Ya tisa inaisha kwenye nyama choma, kiti kimoja kitupu, halafu Nissan Skyline ya bluu inaingia na muvi inakatika kabla mlango haujafunguliwa. Hata Fast X ilipotaka kumuonyesha, ilitumia picha zilizorekodiwa wakati wa Fast Five. Hiyo Skyline kwangu ilitosha, waipaki tena palepale.

Najua wengi mtanibishia, na sitashangaa studio ikiwasikiliza nyinyi, maana kelele za mashabiki ndo zilimtoa Han kaburini. Kwa sasa Dom mwenyewe tulimuacha 2023 chini ya lile bwawa la Ureno, kambeba mtoto, Dante yuko juu na mabomu yake, na mpaka leo hajapanda.