Mawingu ya Lake George

Tumezoea kuiuliza picha: huyu ni nani, na hapa ni wapi? Juma hili tunawatafakari watu waliopiga picha zisizojibu maswali hayo, tukijiuliza ni nini kiliwasukuma.

Alvin Langdon Coburn, Mmarekani aliyeishi Uingereza, aliandika mwaka 1916 akihoji kwa nini kamera iendelee kuwa mtumwa wa sura za vitu, ilhali wachoraji wamekwisha kujikomboa. Akaunganisha vioo vitatu kwa umbo la pembetatu, akapiga picha kupitia humo, na mwaka 1917 akazionesha London. Alidai haki sawa na wachoraji. Sababu hiyo twaiheshimu, lakini haitugusi sana.

Ya Alfred Stieglitz ni nzito zaidi. Alikuwa na umri wa miaka 58 pale mwandishi Waldo Frank aliposema kwamba siri ya picha zake ni uwezo wake wa kuwateka nafsi watu aliowapiga. Sifa gani hiyo, iliyo karibu na tusi! Stieglitz akaamua kujibu kwa kukipiga picha kitu asichoweza mwanadamu yeyote kukiteka. Mwaka 1922, huko Lake George katika jimbo la New York, akaielekeza kamera juu, kwenye mawingu. Mawingu, alisema, ni ya watu wote, wala hayatozwi kodi. Kazi haikuwa nyepesi, kwa maana sahani za picha za kawaida siku zile zilizidi mno kuipokea buluu, hata anga na wingu vikatoka vyeupe vyote.

Kiangazi kile mama yake alikuwa mgonjwa wa kufa, na makazi ya familia yalikuwa yakisambaratika. Picha ya mama yule ingeweza kumliza mtazamaji kwa ajili ya mama mwenyewe. Picha ya wingu haina wa kumsingizia: likikugusa, limekugusa kwa umbo lake, mwanga wake na giza lake.

Mwanzoni alizipa picha hizo majina ya muziki, kwani wimbo hauigi sura ya kitu, nao huliza. Kuanzia mwaka 1925 akaziita Equivalents, yaani visawe, vya yale aliyoyapitia rohoni. Nyingi hazina mti wala upeo wa nchi, hata mtu hajui juu ni wapi. Nazo ni ndogo, kama inchi 4 kwa 5. Mtazamaji hana budi kusogea karibu.