Kompyuta ya ofisi ukiwa mbali: nani mwengine ana ufunguo?

Mhasibu yuko Malindi, hesabu ziko kwenye kompyuta ya ofisi Mombasa. Huduma ya Remote Desktop ya Windows humwezesha kuiona skrini hiyo na kuitumia kana kwamba ameketi mbele yake. Ni tahafifu kubwa, lakini inataka mpango.

Kompyuta za ofisi huwa nyuma ya ruta, na mtu wa nje hazioni. Kosa huanza fundi anapoiagiza ruta ipitishe lango namba 3389, linalotumiwa na huduma hiyo, moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Kazi huisha kwa dakika tano. Lakini kuna programu zinazozunguka intaneti nzima zikitafuta malango kama hayo, na zikiyapata hubahatisha nywila usiku na mchana. Kubadilisha namba hakusaidii sana, kwani hupekua na malango mengine.

Nywila ngumu pekee pia haitoshi. Mei 2019, Microsoft ilitangaza kasoro iliyokuja kuitwa BlueKeep, iliyomwezesha mshambulizi kuingia bila nywila yoyote. Uzito wake uliifanya kampuni itoe marekebisho hata kwa Windows XP, iliyoacha kuihudumia tangu 2014.

Mpango ulio salama ni huu:

- Funga lango 3389 kwenye ruta. Mfanyakazi aingie kwanza kwa VPN, kama vile WireGuard, ndipo aifikie kompyuta.
- VPN iwe na uthibitisho wa pili, mfano namba ya siri ya muda kwenye simu.
- Ruhusu wanaohitaji tu, kila mmoja kwa akaunti yake, isiyo ya msimamizi.
- Weka akaunti ijifunge baada ya majaribio kadhaa ya nywila kukosea.
- Sakinisha masasisho ya Windows na ya ruta kila yanapotoka.
- Mfanyakazi akiacha kazi, futa ruhusa yake siku hiyo hiyo.

Taarifa za wateja zikiibwa, hasara si ya ofisi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 iwapo wenye taarifa wamo katika hatari ya kweli ya kudhurika.

Basi leo muulize fundi wako: lango 3389 la ofisi yetu liko wazi kwa dunia nzima? Akisema ndiyo, lifungwe kabla ya magharibi.