Tajiri wa Habari na Wasikilizaji wa Gendabi

Wasifu wa Reginald Mengi husimuliwa kutoka upande wa mjini: mtoto wa Machame aliyekulia katika ufukara, akasomea uhasibu Uskoti, akaongoza Coopers & Lybrand hapa nchini, kisha akaingia kwenye viwanda, kwanza kalamu, baadaye soda na maji ya Bonite kule Moshi. Mwaka 1994 akaanzisha ITV na Radio One. Hadi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa haijapata kuwa na televisheni, ilhali Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Wanaomsifu husema alivunja ukiritimba wa serikali, na wamesema kweli. Lakini ukiyatazama maisha hayo kutokea Gendabi, kata iliyo chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, unaona na upande wa pili: fedha ya viwanda ilimpa Mengi uhuru wa kusema, na fedha hiyo hiyo ikachora mpaka wa watu watakaosikika.

Faida ya kuvunjwa kwa ukiritimba ina ushahidi wake hapo hapo Hanang. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Canada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, kwenye malisho ya wafugaji wa Kibarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishitaki NAFCO, shirika la umma lililoendesha mashamba hayo, wakashinda Mahakama Kuu katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1981, kisha wakashindwa katika rufaa. Miaka hiyo redio ilikuwa ya serikali, Daily News la serikali, Uhuru la chama. Mwenye shamba na mwenye gazeti alikuwa mmoja, na mfugaji aliyenyang'anywa malisho hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Anayeikumbuka enzi ya Redio Tanzania kwa mapenzi matupu aanze kwanza na ngano ya Basotu.

Hata hivyo redio hiyo hiyo iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Watu walikusanyika vijijini kwa vikundi, wakasikiliza vipindi, wakajadili, wakachimba vyoo. Ilikuwa sauti ya kutoka juu, sikatai, lakini ilikusudiwa imfikie mkulima asiyenunua chochote. Kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara hakina sababu ya namna hiyo. Humhesabu kwanza msikilizaji aliye karibu na duka. Watetezi wa Mengi watataja miti aliyoipanda Kilimanjaro na karamu alizowaandalia watu wenye ulemavu kila mwaka. Ukarimu wake haubishaniwi, ila ukarimu wa mwenye kituo haupangi ratiba ya vipindi.

Pingamizi zito zaidi ni la lugha. Nchini Kenya, Royal Media ya S.K. Macharia ilijenga vituo kama Inooro kwa Wakikuyu na Ramogi kwa Wajaluo, na matangazo yakafuata. Tanzania, vituo hutakiwa kurusha kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo mzee wa Kiiraqw au wa Kibarabaig hasikii habari kwa lugha ya nyumbani hata pale ambapo mfanyabiashara angeona faida. Mpaka huu hakuuchora Mengi, na hapa hoja yangu inapungua makali. Tajiri wa habari hufanya kazi ndani ya leseni. Akina Lopez wa Ufilipino walikuwa na utajiri wa sukari na umeme, lakini Rais Marcos aliwanyang'anya kituo chao cha ABS-CBN mwaka 1972, na mwaka 2020 Bunge likawanyima tena kibali.

Mengi alifariki Dubai Mei 2, 2019. Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang likashuka Katesh na Gendabi, likaua watu zaidi ya 80, na picha zikaonekana nchi nzima. Atakayesema hilo linathibitisha kwamba televisheni binafsi zimefika Gendabi, nitamjibu kwamba maafa huita kamera mahali popote. Wafugaji wa Mulbadaw walihitaji habari ya aina nyingine, ya mpaka wa malisho na hukumu ya rufaa, na habari hiyo haina mtangazaji wa soda anayeigombania.