Radi ya Usiku Huanza Mchana

Zamani, kabla ya simu za mkononi, kwa sisi wavuvi wa dagaa wa Ukerewe, katika Ziwa Victoria, radi ilikuwa kazi ya mtu mmoja: mzee anayeshika kasia la nyuma. Sisi macho yako kwenye karabai na wavu, yeye yako gizani. Upepo ukikatika na joto likabana, ananyamaza. Umeme ukimulika, anahesabu mpaka asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Hesabu ikifupika, wingu linatujia. Ukimpiga usoni upepo wa baridi wa ghafla, haoni haja ya kuhesabu tena. Hiyo ni hewa iliyoporomoka pamoja na mvua, ikatangulia wingu lenyewe. Zimebaki dakika chache, na kwa kasia dakika chache hazikufikishi ufukweni.

Mzee alijua saa ya radi kufika. Ukali wake hakuweza kuujua, wala simlaumu, kwa sababu alikuwa akitazama maji, na habari ilikuwa imeshapita nchi kavu.

Mchana ardhi huwaka kuliko ziwa, upepo ukatoka majini kwenda kupandisha mawingu juu ya vilima. Ndiyo maana Kericho hupigwa na mvua ya mawe alasiri. Usiku mambo hugeuka: ziwa ndilo lenye joto, pepo za nchi kavu huteremka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji, hasa upande wa magharibi. Bukoba, iliyo upande huo, huamka na mvua. Hermann Flohn na Klaus Fraedrich, Wajerumani, waliuandika mzunguko huo mwaka 1966. Kwa bahati mbaya dagaa nao huvuliwa usiku huohuo, tena usiku usio na mwezi.

Kilichokosekana ni kujua usiku upi utakuwa mbaya. Mwaka 2017 Wim Thiery wa Ubelgiji na wenzake, wakitumia picha za setilaiti, walionyesha kwamba radi kubwa za alasiri nchi kavu huashiria radi kali za usiku ziwani. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii, kwa kuwa alasiri mtumbwi bado uko mchangani.

Katika miaka hiyohiyo, kati ya 2017 na 2020, mradi wa HIGHWAY ulizikutanisha idara za hali ya hewa za nchi za ziwa. Rada ya Mwanza ikasaidia, na utabiri wa upepo na mawimbi ukaanza kutolewa kwa maeneo ya ziwa, mara mbili kwa siku.

Hata hivyo utabiri huzungumzia eneo zima, si mtumbwi wako. Na tajiri mwenye injini na taa anajua kwamba giza la mwezi lina siku zake, na kila usiku wa kulala ni hasara yake. Mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, nimeona vijana wakisomewa onyo la redio saa kumi na moja jioni, kisha wakageuka kumtazama tajiri.